Mahali Ugwe Unapoishia

Garissa, 3 Februari 2025

Kwa Aabo yangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, joto tu ndilo halituhurumii. Vipi mgongo wako, vipi macho, na hooyo, mama yetu, ameacha kukohoa? Mbuzi wanapata maji karibu au bado mnayafuata mbali?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na nikipaza sauti hospitali nzima inajua mambo ya nyumbani kwetu. Barua nimempa Dekow dereva, nimemwambia akupe mkononi. Asipokupa mwulize, maana ana tabia ya kuweka karatasi za watu chini ya kiti pamoja na miraa yake.

Ni habari ya dada Sadiyo. Wiki iliyopita alipokuja kupimwa nilikuwa naye chumbani. Daktari wa uzazi ameangalia picha ya mtoto, akampima na nyonga. Mtoto ni mkubwa na mzima, njia ndiyo nyembamba. Ndiyo maana mwaka juzi dada yangu alikaa na uchungu siku tatu hapo nyumbani, tukamzika mtoto, na nusura tumzike na yeye. Safari hii daktari hataki uchungu uanze kabisa. Anataka Sadiyo awe hapa Garissa kabla mwezi wa tatu haujaisha, kabla mvua haijafunga barabara, na apasuliwe katikati ya mwezi wa nne.

Hatalazwa usingizi mzito. Unajua pumu yake, na kumpitisha bomba la pumzi kooni ni hatari kwake. Atachomwa sindano moja ya ganzi mgongoni, pale kiunoni. Kuanzia kifuani kwenda chini hatasikia kisu, lakini atakuwa macho, na yeye mwenyewe atamsikia mtoto wake akilia. Hiyo ndiyo kazi ninayosomea, Aabo, na huu ni mwaka wangu wa pili.

Shirwa mumewe yuko na ngamia upande wa Diff. Amesema kwa simu kwamba atafuata neno la mkwe wake. Kwa hiyo neno ni lako. Nakuomba umruhusu.

Bintiyo,
Nafiso


Hulugho, 11 Februari 2025

Mwanangu Nafiso,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua imefika, imenuka miraa kidogo lakini inasomeka. Hooyo wako anakohoa asubuhi tu. Mbuzi wako salama. Mgongo wangu mzima, na nataka na wa Sadiyo ubaki mzima.

Ukiona makosa katika mwandiko wangu vumilia. Kisomali nakisema tu, kukiandika hakuna aliyenifundisha, na Kiswahili changu ni kile cha darasa la saba.

Sasa sikiliza. Nimechinja miaka thelathini na minne. Kisu kinakata koo, njia ya chakula, na mishipa miwili ya damu, halafu kinasimama. Mfupa hakigusi, kwa sababu ndani ya mfupa kuna ule ugwe mweupe ambao sheikh anauita nukhaa, na mchinjaji anayeukata kabla mnyama hajatulia amemdhulumu. Nilimwona mtu huko Diff akimchinja ng'ombe kwa pupa, akabonyeza kisu hadi kwenye ugwe. Miguu yote minne ilikufa mara moja na macho bado yanatuangalia. Nyama ile sikuila.

Ugwe huo naujua mwanzo wake na mwisho wake. Unatoka kichwani, unapita ndani ya pingili zote za mgongo, unafika mkiani. Wewe mwenyewe ulikuwa unachuchumaa karibu yangu ukiuliza, hii ni nini, na ile ni nini, mpaka hooyo wako akakukataza kuja na sare ya shule. Leo unaniambia mtu achome sindano kiunoni mwa dada yako, na ugwe uko pale pale. Afadhali nimzae mjukuu wangu mwenyewe.

Nimewaambia watu wote pale machinjioni kwamba binti ya Bishar hachomwi sindano ya mgongo. Hatatembea tena. Akizaa kwa sindano hiyo tutakuwa na mtoto mmoja mgongoni na mama mmoja wa kubebwa. Waambie walimu wako watafute njia nyingine.

Ni mimi,
Aabo


Garissa, 19 Februari 2025

Kwa Aabo yangu,

Assalaamu alaykum. Nimefurahi mko wazima. Hooyo mwambie anywe maji ya moto, aache kujifanya shujaa.

Sitakucheka, Aabo, na nitakwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani. Mtihani wangu wa kwanza wa mwili wa binadamu nilianguka. Waliuliza ugwe wa mwanadamu unaishia wapi, nami nikaandika bila kufikiri: kwenye mfupa wa nyonga, karibu na kifandugu, ule mfupa wa mwisho. Mwalimu alikuja darasani na karatasi zetu, akauliza nani hapa alijifunza kwa mbuzi. Tuliinua mikono watatu. Mimi, mmoja wa Wajir, na mmoja wa Mandera. Wenzetu wa Nairobi walicheka wakatoka machozi. Wao mgongo wa mbuzi wameuona kwenye sahani tu.

Kwa hiyo kosa lako nalijua, nililirithi kwako. Sasa niache nikupe nilichopewa mimi.

Pingili zetu za shingo ni saba. Mbuzi ana saba, hata ngamia na shingo yake yote ile ana saba. Za kifuani sisi tuna kumi na mbili na mbuzi kumi na tatu, hesabu mbavu utaona. Za kiuno sisi tuna tano. Zinafuata tano nyingine zilizoshikana kuwa mfupa mmoja kati ya nyonga, halafu kifandugu. Ndani yake ndimo ugwe unamopita. Unene wake ni kama kidole chako cha mwisho, na urefu wake ni dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu. Pima uone kama dhiraa moja inafika kutoka kisogoni kwako mpaka kifanduguni.

Umevikwa ngozi tatu. Ya nje ni ngumu, ya kati ni nyepesi kama utando wa buibui, ya ndani imeushika ugwe wenyewe. Kati ya hizo mbili za mwisho kuna maji safi, na ugwe unaelea humo. Kila upande zinatoka neva, jozi thelathini na moja, za mikono, za kifua, za miguu. Kila neva ina mizizi miwili. Mzizi wa nyuma unaleta habari, hapa pana moto, hapa pana mwiba. Mzizi wa mbele unapeleka amri, inua mguu, kimbia. Ukiukata ugwe kwa kisu kikali utaona katikati pana kitu cha kijivu mfano wa kipepeo, na weupe umekizunguka. Hapo ndipo habari na amri zinapokutana.

Na mwisho wake, Aabo, ni pingili ya kwanza ya kiuno, au ya pili. Hapo ugwe unachongoka na kwisha. Chini ya hapo zimebaki nyuzi za neva tu, zinashuka ndani ya yale maji zikitafuta matundu yao ya kutokea. Madaktari wanaziita mkia wa farasi. Sindano yetu inaingia kati ya pingili ya tatu na ya nne, au chini yake. Hapo hakuna ugwe wa kuchoma.

Utauliza kwa nini ni mfupi. Mtoto akiwa mchanga tumboni, ugwe na mfupa urefu wao ni mmoja. Halafu mfupa unakua mbio na ugwe unaachwa nyuma. Nimekuchorea, angalia karatasi ya pili.

Bintiyo,
Nafiso


Hulugho, 27 Februari 2025

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Tuko salama, tunangoja mwezi wa Ramadhani uandame.

Mchoro nimeuona. Hooyo wako ameona kipepeo akauliza kama ni shuka mpya zimekuja sokoni Garissa. Huo mkia wa farasi mngeuita mkia wa punda, farasi huku nani anamjua.

Mbavu nimezihesabu. Zangu kumi na mbili. Nikaona labda mimi nina kasoro, nikamhesabu Ahmednoor anayeuza nyama meza ya pili yangu. Alicheka kwa kutekenywa, watu wakajaa kutuangalia wazee wawili tukishikana mbavu. Naye kumi na mbili. Hapo una haki. Dhiraa nayo haifiki, nimempima huyo huyo Ahmednoor kwa mkono wangu, imeishia juu ya kiuno. Lakini dhiraa ni neno lako, ugwe wake sijauona. Mchoro si mgongo. Mtu akichora ngamia mwenye nundu mbili nitasema ngamia wangu amepungukiwa?

Nilichokiona kwa macho yangu miaka thelathini na minne ni hiki: nikipiga shoka kiunoni kwa mbuzi, weupe uko ndani. Nikipiga chini zaidi, weupe uko ndani. Nikipiga karibu na mkia, weupe bado uko. Wewe unaniambia kwa mwanadamu Mungu ameufupisha. Inawezekana. Na ikiwa haikuwezekana, ni miguu ya nani itakayolipa? Si ya mwalimu wako.

Sadiyo analia akidhani simwoni. Hooyo wako ananipikia lakini haongei nami, anaweka sahani na kuondoka. Mnaniona mimi ndiye ninayemtakia mabaya. Nilimshika yule mtoto aliyekufa kwa mikono hii. Naogopa, Nafiso. Naogopa uchungu na naogopa sindano, na ile ninayoijua ni sindano.

Aabo


Garissa, 5 Machi 2025

Aabo,

Assalaamu alaykum, na Ramadhani iwe ya kheri kwenu nyote.

Leo sina utani. Uchungu ndio unaoujua wewe, kwa sababu uliuona. Sindano huijui. Mimi nimeona wanawake zaidi ya mia wakichomwa na wote wameondoka kwa miguu yao. Wengine kichwa kiliuma siku mbili tatu, na ipo hatari ndogo kama ilivyo kwa kila dawa, sikufichi. Lakini Sadiyo akianza uchungu Hulugho na barabara imefungwa, hiyo si hatari ndogo. Hilo halihitaji mchoro.

Husadiki karatasi, vizuri, mimi pia nililelewa na mtu asiyesadiki karatasi. Basi tumia kisu chako. Siku zote unapiga shoka kwa kukatisha, unaona duara jeupe, unasema huu ni ugwe. Safari hii usikatishe. Chukua mbuzi mzee, pasua uti wa mgongo kwa urefu, kuanzia mbavu za mwisho mpaka mkiani. Fungua ile ngozi ngumu polepole. Mwagia maji. Halafu ukipata na mtoto wa mbuzi aliyezaliwa amekufa, mpasue vivyo hivyo, uwaweke kando kwa kando. Kwa mbuzi ugwe unashuka chini kuliko kwa mtu, hilo ulilisema kweli. Lakini angalia wenyewe unaishia wapi kwa mkubwa na wapi kwa mdogo. Uniandikie ulichokiona, si ulichokizoea.

Mawingu yameanza kukaa upande wa Lamu. Dekow anasema baada ya Idi hahakikishi safari.

Nafiso


Garissa, 17 Machi 2025

Kwa Aabo,

Assalaamu alaykum. Dekow amekuja mara mbili bila barua yako. Anasema alikuona, uko mzima, ulimwambia huna la kuandika. Kama nilikuvunjia heshima nisamehe, mimi ni mwanao na ni mwezi wa kusameheana. Lakini zimebaki wiki nne. Kama jibu ni hapana andika hapana, nijue.

Bintiyo


Hulugho, 21 Machi 2025

Mwanangu Nafiso,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima, hooyo wako mzima na anaongea tena, leo amenieleza habari za siku ishirini kwa pumzi moja.

Hukunivunjia heshima. Nilinyamaza kwa sababu mbuzi mzee nilimpata siku ya kwanza, mtoto wa mbuzi sikumpata. Nilimngoja. Juzi mbuzi wa Rukiyo jirani yetu alizaa mapacha, mmoja amekufa. Nikaenda kumwomba yule aliyekufa. Rukiyo alinitazama, akaniuliza kama njaa ya saumu imenishinda. Nikamwambia ni kazi ya daktari. Akampa mtu mwingine kazi ya kunichunga mpaka nyumbani.

Nikakaa machinjioni baada ya kazi, mbuzi mzee kulia na mtoto kushoto. Nimepasua kwa urefu kama ulivyosema, kwa msumeno mdogo wa seremala, kwa sababu shoka lina haraka. Kazi hiyo sijawahi kuifanya maishani. Nani anapasua mgongo kwa urefu? Mteja anataka vipande.

Kwa mtoto, ugwe umeshuka, umeshuka, umekaribia kabisa kwenye shina la mkia. Kwa mzee, umechongoka kama penseli na kwisha pingili mbili juu ya hapo. Nilirudia kuhesabu. Nikamwita Ahmednoor ahesabu, maana mimi nilikuwa nimeanza kutokujiamini. Akahesabu sawa na mimi. Mfupa umekua, ugwe umebaki, kama ulivyosema.

Na huo si mwisho. Chini ya ile ncha, weupe ulikuwepo, ule ule niliouona miaka yote. Nikasema, haya, Nafiso amekosea. Halafu nikamwagia maji kutoka kwenye birika la udhu. Wallahi, Nafiso, ule weupe ukafunguka. Haukuwa ugwe. Zilikuwa nyuzi, nyingi, kila moja peke yake, zikatawanyika ndani ya maji. Miaka thelathini na minne nimezikata pamoja kwa shoka nikaziita kitu kimoja.

Nikachukua mwiba wa mgunga, mrefu. Nikauchoma ugwe juu, mwiba ukaingia, ugwe ukatoboka. Nikachoma kwa mwiba pale chini kwenye nyuzi. Zikasogea. Nikachoma tena, zikasogea tena, mwiba ukapita katikati yake. Nilifanya hivyo kama mara ishirini. Ahmednoor alikuwa ananiambia, "Bishar, wacha, adhana imeita, kula tende." Sikuisikia adhana, masikio yangu unayajua, lakini siku hiyo hata mwenye masikio asingeisikia.

Kwa hiyo barua hii anakuletea Sadiyo mwenyewe. Nimempandisha mbele kwa Dekow, na nimemwambia Dekow akipita shimo kwa kasi nitampasua kwa urefu. Amejibu, "Mzee, nitaenda bole bole kama nimebeba mayai."

Nina sharti moja. Mkono uwe wako. Wengine siwajui.

Ni mimi,
Aabo


Garissa, 2 Aprili 2025

Kwa Aabo yangu mpendwa,

Assalaamu alaykum, Idi mubarak, Mungu azikubali saumu zetu. Sadiyo alifika salama, amechoka kidogo, ananilia chakula chote. Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya kwanza nikiwa nimesimama getini na watu wananipita. Nimempa mwalimu wangu Mohamedamin aisome. Amesema akikuona atakuamkia kama mwalimu wake, na amenakili ile habari ya birika kwenye daftari lake.

Sharti lako limenikosesha raha. Sindano nimeshachoma nyingi, lakini mwalimu akiwa ubavuni na mgonjwa akiwa mgeni kwangu. Dada yangu sijawahi. Mohamedamin alikataa kwanza, akasema mtu hamfanyii kazi hii mtu wa damu yake. Baadaye Sadiyo akaenda ofisini kwake mwenyewe, na tumbo lile, akamwambia hataki mkono mwingine. Amekubali, ila atasimama karibu, na nikitetemeka ananipokonya. Tarehe ni kumi na nne, Jumatatu asubuhi.

Nimekuwa jasiri kwenye karatasi, Aabo. Sasa nakiri kwamba naogopa kuliko wewe. Niombee.

Bintiyo,
Nafiso


Hulugho, 7 Aprili 2025

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Mvua imeanza, Dekow anaondoka sasa hivi, naandika kwa haraka.

Mchinjaji hakati kwa kisu kwanza, anakata kwa kidole. Papasa mfupa mpaka uujue, hata kama watu wana haraka. Mgongo wa mkono wako uulaze juu ya mgongo wake, mkono ulioegemea hautetemeki. Sema Bismillahi kwa sauti ambayo yeye ataisikia. Halafu usifikirie kwamba ni Sadiyo. Fikiria pingili ya tatu na ya nne.

Mimi pia mara yangu ya kwanza nilitetemeka. Babu yako hakunipokonya kisu. Dua nimeomba na nitaendelea.

Aabo


Hulugho, 16 Aprili 2025

Nafiso,

Assalaamu alaykum. Hooyo wako amepokea simu jana, amesema mama na mtoto salama, mtoto wa kike, alhamdulillah, alhamdulillah. Amepiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Nimemwuliza habari za miguu. Anasema simu ilikatika. Tumepiga tena, mtandao umekufa na mvua. Nampa barua hii mtu anayevuka kwa trekta.

Miguu je?

Aabo


Garissa, 22 Aprili 2025

Kwa Aabo yangu,

Assalaamu alaykum. Miguu miwili, yote mizima. Nimeiandika mwanzo ili usome mengine umekaa.

Jumatatu tulimkalisha Sadiyo kitandani, akainama akikumbatia mto, mgongo ukajikunja pingili zikaonekana. Nikapapasa juu ya mifupa ya nyonga kulia na kushoto, nikavuta mstari kwa vidole, nikaipata pingili ya nne, nikapanda kidogo, nikapata nafasi laini. Nikaulaza mkono kama ulivyosema. Nikasema Bismillahi. Sadiyo akaitikia, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu.

Ngozi ile ngumu ina mlio wake, Aabo, haisikiki kwa sikio, inasikika kwenye vidole. Ilifunguka. Nikachomoa waya wa ndani, tukangoja. Likaja tone moja la maji, safi kabisa, halina damu. La pili, la tatu. Hayo ndiyo maji ambayo nyuzi zinaelea ndani yake. Nilijua niko mahali ugwe haupo. Nikatia dawa, nikatoa sindano, na hapo ndipo mkono wangu ulipoanza kutetemeka, kazi ikiwa imekwisha.

Baada ya dakika tano Sadiyo alisema miguu yake imeondoka. Nikambana kidole cha mguu, hakusikia. Wakampasua. Alikuwa anasoma suratul Ikhlas mara kwa mara, na ilipofika kama mara ya kumi mtoto akalia. Aabo, kile kilio ulichokingoja siku tatu mwaka juzi kisije, safari hii kilikuja kwa dakika chache, na kilikuwa cha hasira. Sadiyo alilia, mimi nililia, Mohamedamin alijidai anatafuta kitu kabatini.

Halafu nikakaa naye wodini nikiangalia miguu. Saa ya kwanza haikujongea. Ya pili haikujongea. Najua kitabu kinasema nini, nimewachunga mia kabla yake, lakini nilikuwa nakiangalia kile kidole gumba kama mtu anayeangalia mwezi wa Idi. Saa ya tatu kikainama. Sadiyo akanicheka, akasema nimekichosha kwa kukitazama. Kesho yake asubuhi alitembea kwenda bafuni, na mimi nyuma yake nikiwa nimebeba taulo na sina kazi nyingine.

Mtoto wamemwita Iftin. Shirwa amefika jana na matope mpaka magotini. Watakaa kwangu mpaka siku arobaini ziishe na barabara ikauke.

Bintiyo,
Nafiso


Hulugho, 9 Juni 2025

Mwanangu Nafiso,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Idi ilikuwa njema, nyama ilitosha, hooyo wako amepona kikohozi na sasa anamwimbia mtoto siku nzima.

Walifika Alhamisi, siku moja kabla ya Idi. Machinjio yalikuwa yamejaa, kila mtu ameleta mnyama wake kupanga zamu. Nilimwambia Dekow asiwapeleke nyumbani moja kwa moja. Awashushe pale pale, mbele ya watu. Hooyo wako akisema nilifanya hivyo kwa majivuno, usimbishie.

Gari likasimama mbali kidogo kwa sababu ya matope. Sadiyo akashuka, akamchukua Iftin kwa Shirwa, akamfunga mgongoni vizuri, akaja. Aliruka dimbwi moja. Wale wote niliowaambia mwezi wa pili kwamba hatatembea tena walikuwepo, na wakampisha njia. Alipofika aliniamkia, akanipa mtoto. Nafiso, mikono ilikuwa na damu ya kazi na nilikuwa nasita kumgusa. Yeye akaniwekea tu.

Halafu nikapanda juu ya lile jiwe la kukatia. Nikawaambia, mimi Bishar niliwaambia jambo la mgongo wa mwanadamu nisilolijua, na wengine mmelibeba mkaenda nalo nyumbani kwenu. Nilikosea. Ugwe wa mtu unaishia juu ya kiuno, chini yake ni nyuzi na maji, sindano inapita salama. Nimepasua nikaona kwa mbuzi, na kwa mwanadamu nimefundishwa na binti yangu. Asiyeamini amtazame Sadiyo.

Mzee mmoja akasema sijawahi kukubali kosa tangu anijue. Nikamwambia ni kweli, alikuwa bado hajanikuta na kosa kubwa hivi. Wakacheka, nami nikacheka.

Watu walipotawanyika Ahmednoor alibaki. Alikuwa ameinama anafuta kisu ambacho tayari ni safi. Mkewe ana mimba ya miezi saba na ameambiwa Garissa kwamba atapasuliwa. Tangu mwezi wa pili alikuwa amemkatalia, kwa neno langu, na mimi sikujua. Wakati ule ananihesabia pingili alikuwa analijua, akanyamaza. Akaniuliza, "Bishar, na mgongo ya bibi yangu, unasema itakuwa sawa?" Nikamgeuza, nikamwekea kidole gumba kiunoni, nikambonyeza pale, kati ya pingili ya tatu na ya nne. Nikamwambia, ni hapa, na hapa pako wazi.

Wanapanda gari la Dekow Jumatatu ijayo. Wapokee.

Ni mimi,
Aabo